Je, umri wa binadamu una kikomo kilichopangwa?

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 43, mwanamume, sina ugonjwa ninaoujua. Kila mahali nasikia kwamba mwili wa binadamu umewekewa miaka 120 na hakuna wa kuivuka hata afanyeje, kwa sababu seli zetu hugawanyika mara 50 tu kisha zinakufa. Wengine wanasema watu wa kale waliishi miaka mia na hamsini, mia mbili. Na kuna rafiki anayenishawishi ninunue vidonge vya kurefusha telomea, eti vinaongeza miaka 20. Nauliza haya kwa sababu baba yangu alianguka ghafla akafariki akiwa na miaka 51, na baba yangu mdogo alikufa hivyohivyo akiwa na 48. Babu simjui. Je, ni kweli kuna kikomo? Na inawezekana kila ukoo una kikomo chake, na chetu ni miaka hamsini? Nimeanza kuogopa kupanga mambo ya mbele."

Ndugu yangu, pole sana kwa kufiwa na baba na baba mdogo wakiwa bado na nguvu zao. Umeuliza maswali mawili kana kwamba ni moja. La kwanza ni la binadamu wote: ipo miaka ambayo mwili hauwezi kuivuka? La pili ni la nyumbani kwenu, na naona ndilo linalokukosesha usingizi. Nitayajibu yote, ila nikwambie mapema kwamba jibu la la kwanza halihusiani kabisa na la pili. Mtu wa miaka 51 anayeanguka ghafla hajamaliza miaka aliyopangiwa na maumbile. Karibu kila mara ameuawa na ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa huo una jina, una kipimo na una dawa. Ukichoka kusoma habari za seli na vikongwe, ruka mpaka nitakapofika kwenye moyo. Hapo usiruke.

Tuanze na kitu kinachochanganywa kila siku: wastani wa umri wa kuishi na umri wa juu kabisa ambao binadamu amewahi kuufikia. Wastani umepanda sana. Mwaka 1950 mtoto aliyezaliwa duniani alitarajiwa kuishi miaka kama 46. Leo ni kama 73. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kuokoa watoto, na wazee walichangia kidogo tu. Ndugu wawili wakizaliwa, mmoja akafa siku ya kwanza na mwingine akafa na miaka 70, wastani wao ni 35, ingawa hakuna aliyekufa na miaka 35. Kwa hiyo ukisikia kwamba zamani watu waliishi miaka 35, usidhani mtu wa umri huo alikuwa ameinama na mkongojo. Wazee wa miaka 70 na 80 walikuwepo tangu enzi na enzi. Walikuwa wachache tu.

Umri wa juu kabisa ni habari nyingine. Anayeshikilia rekodi ni Jeanne Calment, mwanamke wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa Februari 1875 na kufariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164. Tangu hapo imepita zaidi ya robo karne, wazee wa miaka mia wameongezeka mno duniani, na bado hakuna aliyemfikia. Aliyemkaribia zaidi ni Kane Tanaka wa Japani, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 119. Kwa wanaume rekodi ni ya chini zaidi: Jiroemon Kimura, naye wa Japani, alikufa mwaka 2013 akiwa na miaka 116.

Kuna kisa cha huyu mama wa Arles ambacho huwa nakisimulia kwa wanafunzi wangu kwa sababu kinafundisha kuhusu utabiri. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliingia mkataba na mwanasheria wa umri wa miaka 47: mwanasheria amlipe faranga 2,500 kila mwezi mpaka atakapokufa, kisha achukue nyumba yake. Hesabu ilionekana ya uhakika. Mwanasheria alilipa miaka 30, akafa yeye kwanza mwaka 1995, na mjane wake akaendelea kulipa. Fedha walizotoa zilizidi mara mbili ya thamani ya nyumba yenyewe. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, mama yule alivuta sigara karibu maisha yake yote. Usimwige. Nitaeleza mbele kwa nini mfano wake mmoja hausaidii chochote katika hilo.

Je, tuna uhakika na umri wake? Mwaka 2018 watafiti fulani wa Urusi walidai kwamba aliyekufa mwaka 1997 alikuwa binti yake, aliyejifanya mama tangu mwaka 1934. Wataalamu wa takwimu za umri walirudi kwenye nyaraka za sensa, ndoa na vizazi, na wengi wao bado wanaikubali rekodi ya mama. Lakini swali lilikuwa halali, na ndilo la kumuuliza yeyote anayekuambia habari za watu wa miaka 150. Habari za vitabu vya imani siziweki kwenye mzani huu. Hizo hazipimwi kwa vyeti vya kuzaliwa. Nazungumzia madai ya karne hizi chache. Mwaka 1635 Uingereza ilimzika Thomas Parr katika kanisa la Westminster Abbey, London, ikiamini ana miaka 152. Daktari aliyeupasua mwili wake alikuwa William Harvey, yuleyule aliyeeleza mzunguko wa damu, na alikuta viungo vikiwa katika hali nzuri ya kushangaza. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba Parr hakuwa na miaka 152 wala karibu yake. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho.

Hali ni hiyohiyo hata leo. Mwaka 2010 Japani iligundua kwamba rejista zake za familia zilikuwa na zaidi ya watu 230,000 wa miaka mia na kuendelea ambao hawakujulikana walipo. Wengi walikuwa wamekufa siku nyingi na vifo havikuandikishwa. Na Marekani, mtafiti Saul Newman alionyesha kwamba kila jimbo lilipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya watu waliodaiwa kufika miaka 110 iliporomoka. Madai ya umri mkubwa hustawi pale kumbukumbu zinapokosekana. Si lazima mtu awe mwongo. Asiyejua mwaka aliozaliwa hukadiria, na heshima ya uzee huvuta makadirio juu.

Sasa twende kwenye zile mara 50 za seli, maana hapo kuna ukweli uliobebeshwa mzigo usio wake. Mapema karne iliyopita daktari mmoja mashuhuri, Alexis Carrel, alitangaza kwamba seli za moyo wa kifaranga alizozikuza kwenye chupa hazikomi kugawanyika. Dunia ikaamini seli hazifi, kinachokufa ni mwili. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, huko Philadelphia, walionyesha kinyume: seli za kawaida za binadamu hugawanyika kama mara 40 hadi 60, kisha zinasimama. Hazifi papo hapo. Zinakaa tu bila kugawanyika. Kilichonivutia mimi tangu nikiwa mwanafunzi ni jaribio lao la kuchanganya seli za mwanamume zilizokwisha kugawanyika sana na seli changa za mwanamke katika chupa moja. Baada ya muda, zilizobaki zilikuwa za kike tu. Chakula kilikuwa kimoja, chupa moja, hewa moja. Za kiume zilikoma kwa sababu zenyewe zilikuwa zimefika mwisho. Na ukizigandisha katikati ya safari, ukaziyeyusha baada ya miaka, zinaendelea kuhesabu zilipoishia.

Hesabu hiyo inatunzwa na telomea, vipande vya DNA vilivyo kwenye ncha za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Kila seli inapogawanyika, ncha hizo hupungua kidogo. Zikifupika mno, seli inapata ishara kwamba kromosomu zake ziko hatarini, inaacha kugawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi ya kueleza jambo hili na kimeng'enya cha telomerasi kinachorefusha ncha hizo.

Kosa linakuja pale mtu anapochukua mara 50, akazidisha kwa miaka fulani, akapata 120. Seli zako hazigawanyiki kwa ratiba moja. Zinazofunika utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache, na zinatoka kwenye seli mama zenye telomerasi yake. Seli nyingi za ubongo hazigawanyiki tena baada ya utoto. Za misuli ya moyo, chini ya asilimia moja ndizo hubadilishwa kwa mwaka. Ubongo na moyo, viungo viwili vinavyoua wazee wengi, havikaribii hata kidogo kumaliza mara zao 50. Tena ukichukua seli za ngozi za kikongwe wa miaka zaidi ya 90 ukazikuza maabara, bado zinagawanyika. Mtu hufa akiwa na akiba. Na kama urefu wa telomea ndio ungeamua miaka, panya wa maabara angetuzika sote: telomea zake ni ndefu kuliko zetu mara kadhaa, naye anaishi miaka kama mitatu.

Hapo hapo nimalizane na vidonge vya rafiki yako. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kumwongezea binadamu miaka 20, wala mitano, kwa kurefusha telomea. Kibaya zaidi, saratani nyingi, takriban asilimia 85 hadi 90, huishi kwa kuiwasha telomerasi. Ndiyo njia yao ya kukwepa ule ukomo wa Hayflick. Watu waliozaliwa na telomea ndefu kuliko kawaida wana hatari ndogo kiasi ya magonjwa ya moyo, lakini hatari kubwa zaidi ya baadhi ya saratani. Ukomo wa seli kugawanyika, kwa maneno mengine, ni kinga pia. Fedha za vidonge hivyo zitoshe kulipia vipimo nitakavyokutajia.

Kama si seli zinazohesabu hadi 120, basi ni nini? Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mtaalamu wa hesabu za bima huko London, aliona kwamba baada ya ujana hatari ya kufa haipandi kwa kiasi kilekile kila mwaka, hujizidisha. Kwa takwimu za leo hujizidisha mara mbili kila baada ya miaka kama 8. Hatari yako ya kufa mwaka huu ukiwa na 43 ni ndogo. Ukiwa na 51 itakuwa maradufu, ukiwa na 59 mara nne, ukiwa na 67 mara nane, na hivyo hivyo. Hakuna umri ambapo kengele inalia. Kuna hatari inayokua mpaka mwaka mmoja tu unakuwa mtihani mkubwa.

Ndiyo maana hata tukiufuta ugonjwa mmoja mkubwa, miaka inayoongezeka ni michache kuliko watu wanavyodhani. Wanatakwimu wamekokotoa kwamba saratani zote zikitoweka, wastani wa umri wa kuishi katika nchi tajiri ungepanda kwa takriban miaka 3. Anayenusurika saratani akiwa na miaka 80 bado ana moyo wa miaka 80, figo za miaka 80 na mishipa ya ubongo ya miaka 80, na kimojawapo hakitachelewa.

Sasa, je, hatari hiyo inapanda bila kusimama? Hapa ndipo wataalamu wanapogombana kweli. Mwaka 2016 Jan Vijg na wenzake wa New York waliangalia umri wa mtu mzee kuliko wote aliyekufa kila mwaka, wakaona umeacha kupanda tangu miaka ya 1990. Wakahitimisha kwamba binadamu wana kikomo cha kama miaka 115, na kwamba uwezekano wa yeyote kuvuka 125 katika mwaka wowote ni chini ya mmoja kati ya 10,000. Wanatakwimu wengine waliwashukia: data ni chache mno, na njia ya kukokotoa inatoa jibu hilo hata pale ambapo kikomo hakipo. Mwaka 2018 timu nyingine ikachapisha utafiti wa Waitalia 3,836 waliofika miaka 105 na zaidi, wote wakiwa na nyaraka zilizohakikiwa, na kuona kwamba baada ya 105 hatari haipandi tena. Inatulia kwenye kiwango cha kutisha: karibu nusu ya walio hai hufa ndani ya mwaka. Wakosoaji nao wakasema makosa machache ya umri yanatosha kuutengeneza utulivu huo.

Tuseme Waitalia wametuambia kweli. Maana yake ni kwamba baada ya 110 kila siku ya kuzaliwa ni kurusha sarafu. Chukua watu 1,000 wa miaka 110. Wakiwa na 111 wamebaki 500, kisha 250, 125, 62, 31, na unapofika 120 amebaki kama mmoja. Kufika 122 unahitaji sarafu ikuangukie vizuri mara 12 mfululizo, yaani mtu mmoja kati ya 4,096. Kufika 130 ni mara 20: mmoja kati ya zaidi ya milioni moja ya watu waliokwisha kufika 110. Umeona? Katika hesabu hii hakuna kikomo kilichoandikwa popote. Hakuna umri ambao mwili umekatazwa. Na bado, mwisho wa siku, hakuna mtu wa miaka 130.

Huo ndio msimamo wangu, kama utaniuliza kwa kauli moja. Sioni ushahidi wa mwaka maalumu uliowekwa kwenye jeni zetu kama tarehe ya mwisho, iwe 115 au 120. Ninachoona ni hatari inayopanda mpaka juu kabisa nafasi ya kuendelea inakuwa finyu kiasi kwamba, kwa matumizi ya kawaida, ni sawa na kikomo. Rekodi ya Calment inaweza kuvunjwa. Kwa kuwa vikongwe wanaongezeka, sarafu zinarushwa na watu wengi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walikadiria mwaka 2021 kwamba ni karibu hakika itavunjwa kabla ya mwaka 2100, lakini nafasi ya mtu kufika 130 waliipa asilimia 13 tu. Watafiti wengine, mwaka huohuo, walipima jinsi damu na mwili vinavyorudi katika hali ya kawaida baada ya misukosuko, wakaona uwezo huo ungeisha kabisa mahali fulani kati ya miaka 120 na 150. Na wapo mabingwa wawili, Steven Austad na Jay Olshansky, waliowekeana dau mwaka 2000 juu ya kama atakuwepo mtu wa miaka 150 ifikapo mwaka 2150. Kila mmoja alitoa dola 150 za kuwekezwa, na watakaozipokea ni wazao wao. Hata mabingwa hawajakubaliana, basi usimwamini anayekutajia namba moja kwa uhakika.

Kwa nini mwili uchakae, wakati tunajua maumbile yanaweza kufanya vizuri zaidi? Maana yanaweza. Fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo kama panya, huishi zaidi ya miaka 30. Nyangumi wa Aktiki huvuka 200. Papa wa Greenland aliyechunguzwa mwaka 2016 alikadiriwa kuwa na angalau miaka 272. Jibu lililo bora zaidi lilitolewa na Peter Medawar miaka ya 1950: uteuzi asilia hujali sana kinachotokea kabla ya kuzaa, na hujali kidogo sana kinachotokea baadaye. Kasoro inayomuua mtoto inafutwa haraka kwa sababu mtoto huyo hatazaa. Kasoro inayokudhuru ukiwa na 70 imekwisha kurithishwa kwa watoto na wajukuu. Kwa hiyo kuzeeka si ratiba iliyopangwa ikuue. Ni matengenezo yaliyoachwa pale yalipokoma kulipa. Austad, yule wa dau, alikwenda kwenye kisiwa cha Sapelo nchini Marekani, ambako wanyama wadogo waitwao oposamu wameishi maelfu ya miaka bila wanyama wengi wa kuwawinda. Aliwakuta wanazeeka polepole kuliko ndugu zao wa bara. Palipo na usalama, inalipa mwili kudumu.

Hii pia ndiyo sababu siwezi kusema kwamba mwinuko huu wa hatari hautaguswa milele. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon alibadilisha jeni moja tu ya mnyoo mdogo, naye akaishi mara mbili ya kawaida. Mwaka 2009 panya waliopewa dawa ya rapamaisini wakiwa tayari wazee waliongezewa siku. Lakini mnyoo wa wiki tatu si mtu, na dawa zinazomfaa panya zimewahi kutuvunja moyo mara nyingi. Kwa leo hakuna dawa ya kupunguza kasi ya kuzeeka ambayo ningemwandikia mgonjwa wangu.

Haya, sasa moyo, na ukoo wenu.

Uchunguzi wa mapacha wa Denmark waliozaliwa kati ya mwaka 1870 na 1900 ulionyesha kwamba tofauti za umri wa kufa kati ya watu huelezwa na urithi kwa takriban robo tu. Iliyobaki ni maisha, mazingira na bahati. Hakuna jeni ya "miaka hamsini". Hilo ni jibu la kukutuliza. Lakini vipo vinasaba vya magonjwa fulani, na ndugu wawili wa tumbo moja kufa ghafla kabla ya miaka 55 ni ishara ambayo daktari yeyote wa moyo angeacha chai yake aisikilize. Sisemi unao ugonjwa. Nasema una sababu ya kupimwa ambayo watu wengi wa umri wako hawana.

Ninaloliwazia kwanza ni lehemu, yaani kolesteroli, nyingi ya kurithi. Mtu mmoja kati ya 250 hivi huzaliwa na jeni inayolifanya ini lishindwe kuondoa lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya majibu. Mishipa yake ya moyo inaanza kuziba tangu utotoni. Anaweza kuwa mwembamba, mchapakazi, asiye na dalili yoyote. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume wenye hali hii hupata tatizo la mishipa ya moyo kabla ya miaka 50. Kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, jambo linalofanana sana na simulizi yako. Jiangalie nyuma ya kifundo cha mguu: kano nene inayoshuka kisiginoni ikiwa na vinundu vigumu, mwonyeshe daktari. Vivyo hivyo mabaka ya manjano kwenye kope, au duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho kwa mtu wa chini ya miaka 45. Kutokuwa navyo hakukuondoi kwenye kupimwa.

La pili ni misuli ya moyo iliyonenepa kwa kurithi, inayompata mtu mmoja kati ya 500 hivi, ambayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kumwangusha mtu ghafla. La tatu ni presha iliyokaa miaka bila kugunduliwa, inayopasua mshipa wa ubongo au mshipa mkuu utokao moyoni. Hili la tatu ndilo la kawaida kuliko yote, na kulipima ni dakika chache.

Kwa hiyo nenda kwa daktari ndani ya wiki hizi mbili. Usimwambie tu "nataka kupima afya". Mwambie: baba amefariki ghafla akiwa na 51, mdogo wake na 48, nataka kuchunguzwa magonjwa ya moyo ya kurithi. Omba presha, sukari, lehemu zote, kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. LDL ikizidi miligramu 190 kwa desilita, au 4.9 kwa kipimo kile kingine cha milimoli, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa moyo. Dawa za kushusha lehemu za kundi la statini zinazoanzwa mapema huusogeza umri wa mtu kama huyo karibu kabisa na wa watu wengine. Hizo ndizo nyongeza za miaka ambazo rafiki yako anakutafutia kwenye vidonge visivyofaa.

Kama unavuta sigara, acha sasa. Madaktari wa kiume wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 tangu mwaka 1951 walionyesha kwamba mvutaji wa maisha yote hupoteza takriban miaka 10, na anayeacha akiwa na miaka kama 40 huokoa karibu 9 kati ya hiyo. Yule bibi wa Arles ni mmoja aliyeonekana kwa sababu alipona. Wavutaji waliozikwa na miaka 55 hawakuandikwa kwenye vitabu vya rekodi.

Usingoje miadi kama utapata maumivu ya kubana kifuani yanayokwenda mkononi au kwenye taya, ukizimia wakati wa kazi nzito au mazoezi, ukikosa pumzi bila sababu, au mdomo ukipinda na upande mmoja wa mwili ukalegea. Hapo ni idara ya dharura, saa hiyohiyo. Na mpaka umeonwa, usianze mazoezi makali mapya kwa hofu ya kuwahi, kutembea kunatosha.

Unapokwenda, jaribu kupata chochote kilichoandikwa kuhusu vifo vile viwili, hata cheti cha kifo, na waulize wazee wa familia kama marehemu waliwahi kulalamika kifua au kuzimia. Ulizia na babu, maana umesema humjui. Kisha waambie dada na kaka zako, na watoto wa baba mdogo, kwamba nao wanapaswa kupimwa lehemu na presha. Ukikutwa na lehemu ya kurithi, watoto wako wapimwe pia, hata wakiwa bado shule ya msingi.